Siku Moja Iliyompita Lorenzo

Alhamisi, 25 Aprili

Karudi.

Wanaume wanne wamembeba kutoka kwenye pikapu mpaka kitandani, taratibu, utadhani wamebeba sanamu ya mtakatifu. Eulalia mkewe nyuma, analia mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia. Na kisa chenyewe ni operesheni ya nyongo! Wamemtoa nyongo, wanasema. Nimechungulia kwenye uzio. Uso ni ule ule. Sijaona tofauti.

Ndiye shemeji yangu, Lorenzo Tzunux, mdogo wa marehemu mume wangu. Kinachotutenganisha ni uzio wa mabua, na hata huo dume lake la bata mzinga limeshautoboa. Leo limekula miche yangu ya kabichi tena. Nimelipiga ufagio. Eulalia akaniona, akaacha kulia kidogo ili anikazie macho vizuri, kisha akaendelea na kilio chake.

Asubuhi nilikwenda makaburini peke yangu. Leo ni Sita Wakosaji, siku ya kuwalisha wafu na kuwaomba radhi. Nikamchomea Gaspar ubani, nikamwachia kahawa na sigara moja. Nikamwambia, mdogo wako anarudi leo, hakufa, pole.

Binti yangu Odilia hata mahindi hajaonja. Alimuuguza Lorenzo hospitali siku zote hizo, na aliposhuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kumkanda miguu baba yake mdogo. Mimi mama yake nilipata "shikamoo" ya mbali, basi.

Nanyamaza. Kwa ajili yake nanyamaza. Nane Uzi, siku ya kuwasimika wahesabu siku wapya, imekaribia, na ni Lorenzo peke yake anayeweza kumpandisha kilimani.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimechekwa leo. Ukoo mzima umenicheka, nikiwa na ndoo mkononi.

Asubuhi Lorenzo kajikongoja mpaka uani, kajifunga kitambaa chake chekundu kichwani, mfuko wa kuhesabia siku begani—mfuko wa Gaspar!—akamtuma mpwa wake apite nyumba kwa nyumba. Twendeni makaburini. Leo ni Sita Wakosaji.

Nikasema, "Shemeji, ilikuwa jana."

Nikarudia. "Jana nilikwenda mwenyewe. Leo ni Saba Akili."

Akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani. "Shemeji Kaela," akasema, pole pole, kila mtu asikie, "ulikuwa unahesabu siku, au ulikuwa unahesabu maharage?"

Wakacheka. Wote! Hata wale niliowafuta kamasi wakiwa wadogo. Wakaondoka na maua yao. Odilia alikuwa kati yao, hakucheka, lakini hakunitazama pia. Alikuwa anatazama miguu yake.

Nimekaa jikoni nikihesabu kwa vidole. Miaka ishirini na mmoja nilihesabu na Gaspar kwenye meko haya haya, yeye anataja namba, mimi nataja jina. Nimehesabu mbele, nimehesabu nyuma. Lakini mtu akichekwa na watu thelathini huanza kujishuku. Labda kweli maharage.

Jumapili, 28 Aprili

Sikukosea!

Nimekwenda sokoni mjini. Nimemuuliza muuza ubani. Kawoq ya Tisa, akasema—yaani Tisa Radi. Muuza mishumaa, Tisa Radi. Duka la mbolea wametundika kalenda, siku zetu zimechapwa kwa wino mwekundu chini ya tarehe za kawaida, na hapo pia, Tisa Radi. Mji mzima uko Tisa Radi, na mtaa wetu tu, uliojaa akina Tzunux, uko Nane!

Na nimejua imekuwaje. Nimeifikiria njia nzima nikirudi, na nusu ya njia nikicheka peke yangu mpaka mwenye punda akanipisha. Walimchoma nusu kaputi. Kalala usiku, mchana, na usiku tena. Akaamka mahali pasipo dirisha, akadhani ni asubuhi inayofuata. Yeye hujigamba kwamba hajawahi kukosa kumpokea mgeni wake, yaani siku mpya, alfajiri, amesimama, ameelekea mashariki. Basi mgeni mmoja alikuja akamkuta anakoroma. Akapita zake.

Hesabu ya babu zetu! Wahispania walikuja, hawakuikata. Mapadri walichoma vitabu, hawakuikata. Miaka ile ya wanajeshi watu walihesabu kimoyomoyo chini ya vitanda. Leo imekatwa na kibofu cha nyongo cha Lorenzo.

Mungu anisamehe, nimefurahi. Nimefurahi mpaka tumbo linauma. Miaka minne nangoja huyu mtu ajikwae. Gaspar alipokufa, kabla hata maua hayajanyauka, wazee wa ukoo waliingia chumbani kwangu wakautoa mfuko wake ukutani—mbegu zake nyekundu, vijiwe vyake—wakamvika Lorenzo. Mama-baba wa ukoo, mhesabu siku wetu! Atuambie lini kupanda, lini kuoa, lini kuwaomba wafu. Mimi wakaniambia pole mama Odilia, jikaze. Na yeye akapita na mfuko mbele yangu bila hata kuinamisha kichwa.

Sasa ngoja.

Jumatatu, 29 Aprili

Furaha imeniishia. Ilikuwa kama povu.

Nilikuwa nasaga mahindi asubuhi, nawaza siku nitakayomwumbua, nachagua maneno. Ndipo likanijia. Nane Uzi! Yeye atadhani Nane Uzi ni kesho yake. Atampandisha Odilia kilimani siku ya Tisa Njia, wenzake wote wameshapandishwa, majivu yameshapoa.

Mwanangu atazaliwa siku si yake.

Sikumlazimisha mimi kuingia kwenye kazi hii. Aliitwa kwa ugonjwa, kama walivyoitwa wengi. Miguu inamkakamaa, inajikunja kama kamba, anaanguka popote. Madaktari wamempima kila kitu. Lorenzo ndiye aliyesema, huyu anatakiwa kuhesabu siku, na—lazima niseme—alimfundisha. Amembeba zamu nzima ya hesabu, mwezi kwa mwezi, kama mimba. Tangu hapo kaanguka mara chache sana. Na mimba hiyo inazaliwa siku moja tu, Nane Uzi. Ikipita, ni kungoja mpaka siku irudi, karibu miezi tisa. Binamu mmoja wa marehemu Gaspar alipitwa. Alikufa kabla haijarudi.

Sasa nifanye nini? Huyu mwanamume hata kukosea kwake kunaniangukia mimi.

Jumatano, 1 Mei

Nimegombana na Eulalia kwenye karo la kufulia. Sikukusudia. Nilianza vizuri kabisa, nikamsaidia hata kukamua blanketi.

Nikamwambia, mama, mume wako alilala siku nzima hospitali. Muulize daktari. Muulize mtu yeyote.

Akaitupa sabuni. "Nilijua! Nilijua unaleta kitu. Tangu Gaspar azikwe unamtafutia mume wangu kaburi!"

"Namtafutia siku, si kaburi."

"Mtu ana nyuzi tumboni na wewe unamhesabia usingizi! Huna haya, Kaela? Ndiyo maana hata paka amehama kwako."

Paka hakuhama. Alikufa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na mengine, kuhusu bata mzinga wake, kuhusu mama yake pia, ambaye sikuwa na haja ya kumtaja. Wanawake wote wakaacha kufua. Eulalia akasema kwa sauti ya kila mtu kwamba naona wivu, kwamba nilitaka kuuvaa mfuko mimi.

Ni kweli. Niliutaka. Lakini hiyo haiifanyi Jumatano kuwa Jumanne!

Ndugu hapa wananisalimia kwa nyusi tu sasa.

Ijumaa, 3 Mei

Sikukuu ya Msalaba. Watu wamepamba misalaba kwa maua na karatasi. Mimi nimepanda mjini kwa bibi Pascuala.

Bibi Pascuala ni mhesabu siku mkongwe, amewapandisha watu kilimani tangu sijaolewa. Nimempelekea mishumaa na chokoleti. Hakuvigusa. Alijua nilichokuja nacho kabla sijakaa. Kumbe wanajua wote! Mjini kote wanajua kwamba Lorenzo Tzunux yuko nyuma siku moja.

Nikasema, basi mchukue Odilia wewe.

"Mimba aliyoibeba mwingine nitaizaaje mimi, mwanangu?"

"Basi mwambieni! Mko wengi, mna heshima zenu. Mnakaa tu hapa mnacheka?"

"Nani kakuambia tunacheka?" Akanikasirikia. "Mhesabu haambiwi. Anauliza. Sisi tukikutana njiani tunaulizana, leo ni nani? Unajua, na bado unauliza. Unaulizwa, unajibu, mnaagana. Hivyo hakuna anayepotea peke yake. Lorenzo tangu avae mfuko wa mume wako, hajamuuliza mtu. Anapita na kidevu juu."

"Na mimi nikisimama mbele ya ukoo, na kalenda, na cheti cha hospitali, nikamwumbua?"

"Utashinda," akasema. "Mhesabu aliyeumbuliwa mbele za watu anaweka mfuko chini siku hiyo hiyo. Na binti yako atabaki na uchungu bila mkunga. Kama unataka hivyo, nenda kaumbue."

Akaanza kumenya maharage. Nikauliza, na akiuliza mwenyewe?

"Anajibiwa. Yanaisha. Nani hajawahi kulala?"

Nimeshuka kilima nikiwa na hasira na kila mtu. Na Pascuala kwa adabu zake. Na Gaspar kwa kufa. Huyo Lorenzo atauliza? Afadhali bata mzinga wake aulize.

Jumamosi, 4 Mei

Nimepata njia. Simwambii kitu. Namsalimia mgeni wangu tu, kama anavyotakiwa kufanya kila mtu mwenye malezi.

Alfajiri nimesimama kwenye uzio, nikaelekea mashariki, nikapaza sauti: "Shikamoo, mzee Mbili Nyoka! Karibu, umeamkaje!"

Upande wa pili, kikohozi. Kisha, kwa sauti ya kutetemesha mabua: "Shikamoo, mzee MOJA WAVU!"

Nikarudia. Akarudia. Mbwa wa mtaa wote wakaamka. Jirani wa chini akafungua dirisha akasema jamani, nyinyi wawili, mzee yeyote aliyekuja, mwacheni aingie na sisi tulale!

Jumapili, 5 Mei

Shikamoo mzee Tatu Kifo. Kwake, Mbili Nyoka.

Baada ya misa Lorenzo kawaita watu uani kwake. Katangaza. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na moja, Nane Uzi, tunampandisha Odilia. Kila nyumba ilete kuni na kuku. Kijana mmoja, mtoto wa binamu, akainua simu, akasema kwa unyenyekevu kabisa, babu, hapa inaonyesha Ijumaa.

Lorenzo akaichukua simu, akaigeuza, akaitazama mgongo. "Hii iliwahi kuamka saa kumi alfajiri ikampokea mtu?"

"Hapana, babu."

"Basi irudishe mfukoni."

Wakacheka. Kuna waliocheka chini chini, nimewaona, wanajitia hamnazo. Wanaogopa. Yeye ndiye atakayewaombea mazishi na harusi zao. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, kwenye midomo yangu maneno yote yako tayari, na Odilia akanishika mkono. Akanibana mpaka kucha zikaingia. Sikusema.

Jioni Odilia kaanguka. Karibu na meko, uji wa moto umemwagika pembeni yake, sentimita chache tu. Miguu yote miwili. Nimemsugua kwa mafuta mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Ilikuwa haijamkakamaa hivi tangu mwaka jana.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia Odilia. Nimeshindwa kuvumilia. Alikuwa amekaa kitandani, miguu kwenye blanketi, anachambua mbegu zake za kujifunzia. Nikamweleza yote, nusu kaputi, kalenda, Pascuala.

Hakuinua kichwa. "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Najua tangu hospitali. Alipoamka aliniambia, mwanangu, leo ni Nne Chui, sivyo? Nikamwambia ndiyo, baba mdogo."

"Na ilikuwa?"

"Tano Ndege."

Nilikuwa na kibuyu mkononi. Nimekitupa ukutani. Mungu ananiona, sikumlenga yeye, lakini kilipita karibu.

"Ulimdanganya! Mwalimu wako! Mtu anauliza mara moja maishani mwake na wewe—"

"Alikuwa na mipira puani, mama! Alikuwa analia. Baba mdogo, analia! Nilidhani nitamwambia kesho yake. Kesho yake akawa ameshawapigia simu watu wote kuwatajia siku. Nitamwambiaje? Ataweka mfuko chini."

"Afadhali auweke!"

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana sikukuambia wewe."

Nikatoka. Nikakaa kwenye chumba cha mvuke tunamoogea, hakuna moto, giza tupu, kama mwehu. Kumbe aliuliza. Aliuliza mtu mmoja, naye akajibiwa kwa huruma. Sijui nimkasirikie nani sasa. Nimewakasirikia wote wawili na bado hasira imebaki.

Jumanne, 7 Mei

Tano Mbegu. Siku ya kubariki mahindi. Nimeyabariki yangu peke yangu, kikapu kimoja, nimepanda mistari yangu kabla ya saa nne. Saa sita mvua ya kwanza ikashuka! Nzuri, nzito, imeingia ardhini yote.

Upande wa pili mbegu zao bado ziko ndani. Wamekaa barazani wanatazama mvua. Yeye kakaa katikati, mkono tumboni kwenye nyuzi zake.

Zamani ningecheka. Nimecheka kidogo tu.

Jumatano, 8 Mei

Leo nimemsalimia mzee Sita Deni mara tatu. Lorenzo alijibu mara moja tu. Sauti imepungua. Labda ni kidonda.

Wamepanda leo. Udongo ni tope, majembe yanateleza. Eulalia kamtukana bata mzinga wake mwenyewe.

Nimemwomba Odilia aende amwambie faraghani, leo, kabla ya Ijumaa. Amekwenda. Amekaa huko muda mrefu. Karudi macho mekundu. Hakuweza. Alifungua mdomo, akasema baba mdogo nikuletee chai? Akamletea chai.

Chai!

Alhamisi, 9 Mei

Saba Mbwa. Kesho ndiyo.

Mjini wameanza kupanda na mizigo. Nimewaona barabarani tangu mchana, wanafunzi na walimu wao, mishumaa, vifurushi vya ubani, wanawake wenye blauzi mpya za kufuma. Wanapita mbele ya lango la Lorenzo. Wanamsalimia. Hawamuulizi na hawamwambii, adabu tupu, adabu ya kuudhi. Yeye anaitikia akiwa amesimama na panga lake. Amesema kesho ni Mbwa, siku mbaya, haifai kwa lolote, atapasua kuni.

Anawatazama mpaka wanapotea kwenye kona. Nimemwona akifanya hivyo mara nne.

Blauzi ya Odilia iko tayari. Nimeifuma mwenyewe, miezi sita, kifuani nimeweka nyuzi za zambarau alizozipenda baba yake. Nimeikunja juu ya sanduku. Kuku nimemchinja, bila kuambiwa na mtu. Odilia kaniuliza kwa nini namchinja leo. Nimemwambia, kuku ni wangu.

Nimefikiria kwenda mimi mwenyewe kwa Lorenzo. Kweli nimefikiria. Nimefika mpaka kwenye lile tundu la bata mzinga. Nikakumbuka alivyopita na mfuko mbele yangu. Miguu ikakataa. Sisemi ni jambo zuri. Nasema ilikataa.

Na hata ningekwenda, asingeniamini. Adui akikuambia umepotea njia, unakaza mwendo.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika nimesimama, kwenye sanduku, kalamu ya Odilia.

Ni siku ya akina mama. Fataki tangu giza, na spika ya shule inapiga marimba kwa ajili yetu wote wenye bahati. Nilitoka kwenye uzio kama kawaida. Kilima kizima kinatoa moshi. Si moto mmoja, si kumi. Moshi umepanda umenyooka kwa sababu hakuna upepo, mweupe, unaonekana mpaka bonde la pili. Harufu ya ubani imefika mpaka kwenye meko yangu.

Nikaelekea mashariki. "Shikamoo, mzee Nane Uzi! Karibu!"

Nikangoja anijibu Saba Mbwa.

Badala yake nikasikia panga likiwekwa juu ya gogo. Kisha mabua yakakwaruza. Akapita kwenye tundu la bata mzinga—Lorenzo! mtu mwenye nyuzi tumboni, kwa magoti—maana angezunguka langoni angeonwa na watu wote. Hajakanyaga uani kwangu tangu siku waliyochukua mfuko. Akasimama. Akajipangusa magoti. Kitambaa chekundu hana kichwani. Amezeeka. Sikuwa nimemwona karibu hivi.

Eulalia yuko nyuma ya mabua, nauona upindo wa sketi yake. Wapwa wawili wako na kuni barazani, wametega masikio. Jirani wa chini amefungua dirisha. Odilia yuko mlangoni, ameshavaa blauzi, sijui aliivaa saa ngapi.

Lorenzo alitazama moshi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, karibu nisisikie kwa sababu ya marimba:

"Shemeji. Leo ni nani?"

Nikajitia sijasikia. Nilitaka aseme tena, nakiri.

"Nimekuja kwako," akasema, "kwa sababu wengine watanionea huruma. Mtoto ananionea huruma. Wewe huwezi."

Nilikuwa na maneno ya miaka minne. Yote yalikuja mlangoni mwa mdomo, yanasukumana. Nikipaza sauti tu, kama ninavyopaza kila asubuhi, lakini nimemwelekea yeye, dirisha lile litasikia, wapwa watasikia, na mfuko wa Gaspar utashuka begani mwake leo hii. Nikinong'ona, atabaki nao. Atabaki nao mpaka azikwe, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwachia. Hakuna atakayejua. Na ataupanda mlima na mwanangu.

Ni dhahiri lipi la kufanya. Kwa nini basi siwezi? Nimekasirika! Amekuja kuuliza kwa adabu, kama Gaspar alivyokuwa akiuliza, kwa neno lile lile, na amenipokonya hata chuki yangu, kitu pekee alichoniachia.

Nilisema, ngoja nikuletee kigoda. Nikaingia humu. Vigoda viko nje, viwili, vyote anaviona.

Anangoja. Mvua haipo, jua linakaribia kuvuka ukingo, kuna muda bado lakini si mwingi. Odilia hajageuka kunitazama, anatazama mgongo wa mkono wake. Miguu yake inatetemeka chini ya sketi. Kuku nimemfunga kwenye kitambaa. Nimefunga na ubani. Nimefunga na mishumaa ya watu watatu, sijui wa tatu ni nani.

Anakohoa. "Shemeji?"

Bata mzinga wake amemfuata kwenye tundu. Yuko katikati ya kabichi zangu, anakula. Ufagio uko hapa mkononi mwangu na sijamfukuza. Nauweka chini, natoka kumnong'oneza.